Neno Nililompikia Danford

Juma lililopita mliniacha nimesimama nje ya mlango wa nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Nyumba yenyewe si ya matofali. Ni kamusi ya Kinyiha, lugha ya kwetu Mbozi, ya kwenye mtandao, ya aina ile wanayoiita wiki, ambayo kila aliyejiandikisha anaingia, anaongeza neno, anamrekebisha mwenzake. Bibi yangu nilipomwambia kwamba tunaandika wiki alidhani ni ile ya siku saba, akaniuliza ikiisha tutaandika nini. Niliianzisha mimi, kwa maneno yake yeye, Bibi Loisi wa Iyula. Danford, mchumba wangu, nilimpa mamlaka yote ya kuisimamia kwa sababu ya mapenzi. Naye akanifungia nje. Akafuta jina langu kwenye ukurasa wa mwanzo, akaweka lake: mwanzilishi. Siku hiyohiyo akaacha kupokea simu zangu, na kabla sijafuta machozi nikasikia ana mwanamke mwingine, Fides.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikusamehe. Wengine mmenitumia mistari ya Biblia. Nashukuru, mistari naijua. Sikutaka kusamehe. Nilitaka kumwona Danford akiaibika mbele za watu, nami niwepo, nimekaa viti vya mbele, nimevaa nikapendeza. Kama hilo linakukera, funga gazeti uendelee na shughuli zako.

Wakati huo, mwaka 2012, nilikuwa nafanya kazi kwenye intaneti kafe ya Sabra, pale Tunduma, hatua chache kutoka forodhani. Sabra alifika mjini na mume wa malori. Mume akavuka mpaka akapotelea huko, yeye akabaki, akanunua kompyuta zilizochoka na kuzifundisha kazi. Wateja wetu walikuwa madereva wanaosubiri karatasi zao, wafanyabiashara wa Kizambia wanaoingia na salamu yao ya mulishani, na wanafunzi wanaosaka matokeo. Walipopungua, mashine ya pembeni ilikuwa yangu.

Sabra aliyaona mapema yaliyokuwa yanachemka ndani yangu. Akaniambia hasira hasara. Nikamjibu kwamba hasara nimeshaipata, sasa natafuta faida.

Danford alikuwa amelifungia jina langu tu. Vidole hakuvifungia. Nikafungua anuani mpya, nikajiandikisha upya kwenye kamusi kwa jina la Bibi wa Iyula, nikaweka picha ya mikono inayopukuchua mahindi. Mikono ile ni ya Bibi Loisi kweli, niliipiga kwa simu siku moja jikoni kwake.

Bibi wa Iyula akaanza kwa upole. Akatoa maneno ya kweli, mazuri, yaliyokuwa hayajaandikwa na mtu: ya kahawa iliyoungua na jua, ya mvua inayonyesha upande mmoja wa shamba, ya kuku anayekataa kuatamia. Watu wakampenda. Haikupita muda Danford mwenyewe akaja kwenye ukurasa wa majadiliano, kanyenyekea.

"Shikamoo Bibi. Tunakuhitaji sana humu."

"Marahaba mwanangu," nikaandika, nikisaga meno.

Mtu aliyenifuta mimi alikuwa akimwamkia bibi wa kubuni kila asubuhi. Nilicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa chungu.

Maneno yale hakuyaacha kwenye kamusi yakae. Alikuwa na blogu yake, na kila juma aliweka humo neno la wiki, akichukua la Bibi wa Iyula na kuandika kwamba ameambiwa na wazee alipotembelea vijiji. Vijiji gani? Danford alizaliwa Tunduma, akakulia Tunduma, Kinyiha chake ni cha kuombea maji. Iyula alikuwa hajakanyaga tangu siku ile mshenga wake alipopeleka posa na kuku akaliwa.

Hapo ndipo nilipoona pa kumshika. Mtu anayemeza bila kutafuna, mpikie.

Nikachukua sentensi iliyokuwa imenikwama kooni tangu anifungie mlango: Mwizi ni Danford. Nikakata kichwa cha kila neno. Mwi. Ni. Da. Nikatanguliza irabu moja mbele, ikawa imwinida. Nikaitamka polepole mbele ya kompyuta. Ilikaa mdomoni utadhani imezaliwa Mbozi.

Maana nayo nikaichagua kwa makini, kwa sababu nilimjua mtu wangu. Nikaandika kwamba imwinida ni shukrani ambayo kijana humpa mzee aliyemfundisha neno la kwao. Nilijua Danford hawezi kuliacha neno la namna hiyo. Lilikuwa na wazee ndani yake, lilikuwa na zawadi, lilikuwa na picha za kupiga. Akishalisema mbele ya umati, mimi nitasimama na kulipasua silabi kwa silabi, kila mtu asikie lililomo. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na niliupenda kuliko chakula.

Sikujua tabia ya mtandao.

Neno halijamaliza siku mbili, muuguzi mmoja wa Ndola, Mnyiha kwa mama, akaandika chini yake kwamba mama yake alikuwa akilisema sana, na kwamba kuliona kumemtoa machozi. Mwalimu mmoja wa Msangano akasema kwao nako lipo, ila wanalitamka tofauti kidogo. Wawili wakagombana kuhusu wingi wake. Kisha akatokea mwingine, simjui hata leo, akamrekebisha Bibi wa Iyula mwenyewe, kwamba ameliendeleza vibaya.

Nilirekebishwa neno langu mwenyewe jamani. Nikacheka mpaka Sabra akaja kuangalia kuna nini. Yeye hakucheka.

"Wakilisema wote, Nesta," akaniambia, "mwongo atakuwa nani?"

Nikamwambia aniache. Sabra ni mtu wa pwani, ana neno kwa kila jambo, nami sikutaka neno. Nilitaka siku ifike.

Ikafika haraka kuliko nilivyodhani. Danford akatangaza kwenye blogu yake Siku ya Imwinida. Ilikuwa ifanyike Vwawa, ukumbini, chini ya jumuiya fulani ya vijana wa Mbozi waliosoma. Wazee wangepewa mablanketi, ndiyo imwinida yao. Mgeni rasmi angekuwepo. Na mbele ya wote, jumuiya ingetangaza kwamba kamusi itachapwa kuwa kitabu, na jaladani liwe jina moja tu, la Danford.

Maneno ya bibi yangu, jina la Danford. Nilisoma tangazo lile nikahisi mikono inaniwasha. Kama kitabu kile kingetoka hivyo, wajukuu zangu wangekuja kumnukuu mwizi wakidhani wanamnukuu babu.

Nikajiandaa. Sabra akaniazima gauni lake la Idi. Akalipiga pasi mwenyewe.

Siku chache kabla, Bibi Loisi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeoga akapaka mafuta. Mkwe amekuja, akasema. Amekuja mwenyewe, na gari, amemletea sukari, amemwalika Vwawa akae mbele na wakubwa. Akanilaumu kidogo kwamba mkwe amemkumbuka, mimi mjukuu wake sikumwambia lolote.

Hapa lazima niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea. Sikuwahi kumwambia Bibi kwamba uchumba umekufa. Kuku alishaliwa. Alishatangaza kanisani, na presha yake mnaijua waliosoma sehemu za mwanzo. Kila alipouliza nilimwambia tunajipanga. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, Bibi ndiye aliyenilea, kwa hiyo Danford kwake hakuwa mjukuu wa kutaniana naye. Alikuwa mkwe kamili, wa kuinamishiwa macho. Na Danford alijua kwamba sijasema. Alinijua kama mimi nilivyomjua.

Ningeweza kumwambia palepale kwenye simu. Bibi, usiende, yule si mkwe tena. Maneno yenyewe hayakuzidi pumzi moja. Lakini asingekwenda, na asipokwenda Danford angeshtuka, na neno langu lingebaki mdomoni. Nikamwambia nitakuwepo, Bibi. Akafurahi, akakata simu.

Vwawa siku ile kulikuwa na baridi na vumbi kwa pamoja. Ukumbi ulijaa. Kwaya ilikuwa imeshatunga wimbo wa imwinida, wenye kiitikio, na watoto walishaushika. Na juu ya jukwaa, kutoka ukuta hadi ukuta, bango kubwa la kitambaa: SIKU YA IMWINIDA. Chini yake kasimama Danford na suti ya kijivu, anapigwa picha.

Nilijishika mdomo. Mwizi ni Danford, kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani, na mwizi mwenyewe kasimama chini yake anatabasamu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Nawaambia ukweli, kisasi kikiwa bado hakijaliwa ni kitamu sana.

Bibi Loisi alikuwa mstari wa mbele na wazee wenzake, blanketi jipya mapajani, analipapasa. Nikakaa nyuma yake. Akanigeukia, akaniuliza yule binti aliyeshona kitenge sare na tai ya mkwe ni nani. Alikuwa Fides.

"Dada yake," nikasema.

Bibi akamtazama tena, akasema hawafanani hata kidogo, kisha kwaya ikaanza.

Danford akaongea. Akasema jinsi alivyozunguka vijiji, mguu kwa mguu, akikusanya lugha ya mababu kabla haijafa. Akasema neno lililomgusa kuliko yote ni hili la imwinida. Akalitamka vibaya hata hivyo, na watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akaliandika mahali.

Makofi yalipotulia, akasimama mzee Osea. Ni mzee wa kanisa wa huko kwetu Iyula, mtu asiyependa maneno mengi. Hakusubiri maiki.

"Nimezaliwa Iyula, nimezeekea Iyula. Neno hili silijui."

Ukumbi ukashuka sauti. Moyo wangu nao ukapanda. Sikuwa nimemtuma Osea, Mungu shahidi. Alikuja na ukweli wake mwenyewe, akauweka katikati, ikabaki mimi kumalizia tu. Nikamtazama Danford. Alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. Nikaanza kuinuka.

Lakini Danford ni mwepesi. Akasema kwa heshima kwamba mzee wetu ana haki ya kuuliza, na kwa bahati njema mwenye maneno yuko hapahapa. Akateremka jukwaani, akapiga goti mbele ya Bibi Loisi, akampa maiki kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, na ukumbi mzima ukasikia alivyoliita jina hilo, "neno hili ni letu, au si letu?"

Bibi alilitazama blanketi. Akamtazama Danford pale chini alipopiga goti, macho yake yasitue usoni kwa mkwe, kama alivyofundishwa. Nilijua jibu kabla hajalitoa. Kwetu mkwe hasutwi mbele za watu. Mkwe akikosea unafunika, akiondoka ndipo unasema na binti yako jikoni.

"Osea," Bibi akasema, "ulipokuwa unachunga ng'ombe, sisi tulikuwa tunafundishwa maneno. Neno ni letu. Mama yangu alilisema."

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikafuata. Mzee Osea akakaa, akatazama viatu vyake. Mzee wa watu, msema kweli pekee ukumbini, kaaibishwa kwa ajili ya uchafu wangu na wa Danford.

Nikapandwa na kitu, sijui nikiiteje. Miguu ikanipeleka mbele bila kuuliza. Nilichokuwa nakiona ni ile suti ya kijivu tu. Danford aliponiona hakushtuka. Alisimama, akaichukua maiki kwa Bibi, akanikabidhi mimi huku akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, kisha akainama sikioni mwangu, maiki akiiziba kwa kiganja.

"Nilijua ni wewe tangu mwanzo," akasema. "Bibi wa Iyula anapotea kila umeme ukikatika Tunduma, na Iyula kwao hakuna hata nguzo. Neno ni la uongo, najua. Ndiyo maana nilimfuata bibi yako. Haya, sema. Waambie ni mwongo."

Akaondoa kiganja. Akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono mbele kwa adabu, akasubiri.

Nimetukanwa maishani, nimenyimwa, nimefungiwa milango. Sijawahi kufungwa kama pale. Kila njia ya kumfikia Danford ilikuwa inapita juu ya mgongo wa Bibi. Nikilipasua neno, ni yeye aliyesema mama yake alilisema. Nikinyamaza, kitabu ni cha Danford, na Osea atakufa akiitwa mchunga ng'ombe asiyejua lugha ya kwao. Nilimchukia Danford kiasi kwamba, nisiwafiche, kwa muda fulani nilifikiri kulipasua hivyohivyo.

Bibi akanishika mkono. Akanivuta chini, kama anavyonivuta kanisani anapotaka kunisema. Masikio yake hayasikii vizuri, na mtu wa hivyo hajui kunong'ona. Maiki ilikuwa mkononi mwangu, katikati yetu, inawaka.

"Nimekuokolea mume wako, mjukuu wangu. Usimwangushe."

Spika zote mbili zikatangaza. Mpaka walioko nje madirishani walisikia.

Kisha Fides akasimama, kile kitenge cha sare kimemkaa vizuri, mkono mmoja kaushika mkoba.

"Mume wa nani?" akauliza.

Na Danford, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa uso wa kuvaa. Akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba, wallahi, yananiomba mimi Nesta niliyefutwa, nimsitiri. Kisasi nilichokihangaikia miezi yote kilikuwa kimekuja chenyewe na kusimama mbele yangu. Sikuhitaji hata kusema. Nilihitaji kunyamaza tu.

Lakini Danford hakungoja. Aliwageukia watu, akacheka kidogo, akanyoosha mkono kuelekea kwa Bibi kama mtu anayeonyesha kiti kibovu.

"Jamani, tumsamehe mama," akasema. "Ni uzee. Amechanganyikiwa."

Hakuona alichofanya. Bibi akiwa amechanganyikiwa, na ushahidi wake je? Nilimwona mzee Osea akiinua kichwa taratibu. Mgeni rasmi akaacha kuandika. Mnong'ono ukaanza nyuma, ukaja mbele, na baadhi ya wale waliokuwa wakimpigia Bibi vigelegele wakaanza kumcheka.

Bibi Loisi hakuwaangalia. Hakumwangalia hata mkwe wake. Alilikunja blanketi, akaliweka sakafuni pembeni ya miguu yake, na vidole vyake vikarudi kuushika mkono wangu. Mtu aliyenifundisha kusema, kwa lugha zote nilizo nazo, alikuwa ananitazama usoni akisubiri nimwambie.

"Nesta," akasema, na spika zikalirudia. "Kwani nimesema uongo?"